Nobu Zote Kwenye Tano

Kikao cha kuamua kuhusu amplifaya yangu kiliitishwa Jumamosi mchana, na mimi mwenye amplifaya nilipewa habari na binti yangu, nikiwa jikoni, mikono imejaa sabuni.

"Mama, Baba anasema njoo sebuleni. Kuna kikao."

"Cha nini?"

"Cha kelele zako."

Binti huyu tunamwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kumeza neno. Nilifuta mikono. Hasira sikuhitaji kuitafuta. Nilikuwa nayo tangu mwanzo wa wiki, imekaa kama chungu kwenye moto mdogo. Aliyeitisha kikao alikuwa ameongeza kuni tu.

Mimi ni fundi wa meno bandia. Nina diploma ya kazi hiyo, na kutwa nakaa maabara nikisaga, nikichonga na kung'arisha meno ambayo watu watayatafunia na kuyachekea. Mashine ya kusagia ina mlio mwembamba unaokuingia mpaka kwenye fizi zako mwenyewe, kwa hiyo tunavaa vizibo vya masikio, vile vikubwa kama vikombe. Mtu akikutaka anakugusa bega. Mpaka jioni nakuwa nimekaa siku nzima ndani ya kichwa changu kama mtu aliyefungiwa stoo.

Ndiyo maana napiga gitaa. Si la kwaya. Napiga gitaa la umeme, muziki wa metali, ule wa mngurumo: unabana nyuzi nene kwa kiganja, unachapa, na amplifaya inausaga mlio mpaka unatoka na makali. Nilijifunza chuoni, na mume wangu alinikuta nikipiga. Hilo lieleweke. Alinikuta nikipiga, hakunifumania.

Amplifaya yangu ya zamani ilikufa. Fundi redio aliifungua, akaichungulia, akaifunga, akaniambia pole kwa sauti ya daktari anayetoka chumba cha wagonjwa mahututi. Basi tukaenda duka la vyombo vya muziki, mimi na mume wangu. Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye kitambi. Akamtazama mume wangu, akamuuliza, "Ni ya kijana wenu?"

"Ni yangu," nikasema.

"Yako, mama? Ya kanisani?"

"Ya nyumbani. Nataka yenye mkwaruzo mwingi kwa sauti ndogo. Tunakaa fleti, kuta nyembamba."

Akamgeukia mume wangu ili anijibu mimi. Akamwambia kwamba kuna mbili zinazofaa. Moja ilikuwa kabati zito la valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, lenye spika ya kumtosha mpigaji wa ukumbini. Nyingine ilikuwa kisanduku kidogo chenye kompyuta ndani, kazi yake kuiga hizo za valvu, na pembeni ina tundu la hedifoni. Akazipiga zote, kwa nguvu, mpaka watu wa duka la viatu jirani wakatoka nje kutazama. Ile kubwa ilinigonga kifuani. Nikaipenda palepale, dukani, na sikuficha.

"Chukueni zote mbili," muuzaji akamwambia mume wangu, "mkajaribu, Jumatatu mnirudishie moja."

Tukazipandisha ngazi. Nyumbani tukaziita Kubwa na Kadogo, na Kubwa nusura ivunje mgongo wa mume wangu. Hapo nilimwonea huruma. Huruma hiyo naidai mpaka leo.

Maana siku ya kwanza tu nilipotaka kuiwasha, aliniambia, "Mama halali." Alimaanisha mama yake, ambaye amehamia kwetu tangu magoti yaanze kumsumbua. Siku iliyofuata akaja na la pili: "Jirani wa chini amelalamika." Jirani wa chini ni nesi, anafanya kazi zamu za usiku, na usingizi wake ni wa mchana. Ningesema nini? Mama mkwe humkalishi kwenye mahojiano kumuuliza amelala saa ngapi. Ukiambiwa halali, unapunguza. Na mgonjwa akichomwa sindano mahali pabaya kwa sababu mimi nimemkosesha nesi usingizi, nitajibu nini? Nikachomeka hedifoni kwenye Kadogo. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikipiga muziki wa ngurumo kimyakimya, masikio yameziba, Chiriku akitaka chumvi ananigusa bega.

Siku ya tatu nikazivua, nikazitupa kitandani. Kutwa nimeziba masikio kazini, nije niyazibe tena nyumbani kwangu. Mtu aliyekaa stoo siku nzima humtoi kwa kumwingiza kabatini. Mimi nataka sauti itoke, iguse ukuta, inirudie. Hicho tu. Kama amplifaya itabaki ya hedifoni, basi afadhali niuze gitaa ninunue pasi.

Nesi nikawa nampita ngazini nikitazama viatu vyangu kwa aibu.

Haya, kikao. Nilipoingia sebuleni nilimkuta mume wangu amesimama, amevaa shati la kazini. Yeye ni mkaguzi wa mizani. Anazunguka sokoni na madukani na kisanduku chake cha mawe ya shaba ya kupimia, anapima kama kilo ya muuzaji ni kilo kweli. Hali rushwa, hapepesi macho, na wauza nyama wakimwona kwa mbali wanaanza kufuta mizani. Nyumbani tunamwita Mkaguzi, yeye anadhani ni sifa. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, anafuma kitambaa. Chiriku alishakaa sakafuni karibu kabisa, kama mtu aliyekata tiketi.

Amplifaya mbili zilikuwa katikati ya chumba, na kila nobu, kile kifundo cha kuzungusha, imebandikwa kipande cha utepe.

"Tumekutana kwa ajili ya amani ya nyumba," Mkaguzi akaanza.

"Nani kaivunja?" nikauliza.

"Mama Chiriku, utapewa nafasi." Akakohoa. "Ili pasiwe na upendeleo, nimeweka nobu zote za amplifaya zote mbili kwenye tano. Sauti tano. Besi tano. Hiyo ya mkwaruzo tano. Nimebandika utepe ili mtu asizichezee. Utapiga kitu kilekile, hapa na hapa. Sisi tutasikiliza, kisha tutaamua."

"Sisi nani?"

"Familia."

"Baba Chiriku, tano ya hii siyo tano ya hiyo."

"Tano ni tano."

"Hiyo kubwa ikiwa kwenye tano ni ya ukumbi. Nakuonya mara moja."

"Tano ni tano," akarudia, taratibu, kwa ile sauti anayowatolea wauza nyama.

Basi nikachukua gitaa. Nikachomeka kwenye Kubwa. Nilikuwa nimeshasema, na aliyeonywa hadhulumiwi. Nikabana nyuzi, nikachapa kwa hasira zote za wiki.

Vikombe kabatini vilipiga makofi. Kibonge cha uzi wa mama mkwe kiliruka mapajani kikaenda zake chini ya meza. Kioo cha dirisha kikajibu. Mume wangu alirudi nyuma hatua kadhaa bila kupenda, akagota ukuta. Chiriku alikuwa analala sakafuni kwa kicheko.

"Mmeona?" Mkaguzi akasema nilipoacha, sauti yake ikitoka kwa mbali. "Mmeona wenyewe. Sasa ndogo."

Nikapiga ileile kwenye Kadogo. Kwenye tano yake, Kadogo kilisema kwa adabu, kama nzi ndani ya chupa.

"Mnaona tofauti? Namba zilezile, lakini hii ina ustaarabu. Kwa hiyo mimi napendekeza, kwa faida ya wote, ile kubwa irudi, hii ibaki, na itumike na hedifoni. Mama apate usingizi. Jirani apate usingizi. Kuna mwenye la kusema?"

Nilikuwa nalo, tena refu, lakini mlango uligongwa. Chiriku akaufungua. Alikuwa nesi, amevaa koti juu ya gauni la kulalia, nywele zimelala upande mmoja.

"Jamani," akasema, "mmeangusha kabati?"

"Karibu, dada," nikasema. "Pole sana. Najua umeshalalamika, na wiki nzima nimejitahidi..."

"Nimelalamika lini?"

"Wiki hii. Kuhusu gitaa."

"Kwa nani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Nesi akamtazama mume wangu, kisha mimi, kisha zile amplifaya zenye utepe, kama anayesoma faili la mgonjwa aliyekosewa dawa.

"Shemeji," akasema, "mimi nilikulalamikia viti. Nilikukuta ngazini nikakwambia, mkitazama mpira viti vyenu mnaviburuta juu ya kichwa changu, wekeni vipande vya raba kwenye miguu. Si ndivyo?"

Mkaguzi akasema kuwa kelele ni kelele.

"Gitaa nalisikia kwa mbali siku nyingine. Nilidhani ni friji yenu inataka kufa. Nikasema, masikini, watanunua lini nyingine." Akanigeukia. "Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuja kulalamika. Hii ya leo ni nini?"

"Ya leo ni haki," Chiriku akasema. "Baba kaweka tano tano."

"Chiriku," baba yake akasema.

Mimi nilikuwa nahesabu ngazi nilizopita nimeinamisha kichwa mbele ya mwanamke huyu, kwa kosa la viti, na viti vyenyewe vya mpira wa mume wangu. Mpira mimi sitazami. Nilihisi masikio yanapata moto.

Mama mkwe aliweka kitambaa chini. "Kama viti vimekuwa gitaa," akasema, "mimi nimekuwa nini?"

Akanigeukia mimi.

"Mkwe wangu, nakuuliza wewe. Mimi nimesemwaje?"

"Nimeambiwa hulali, Mama. Kwa ajili yangu."

"Silali kwa ajili ya magoti. Nilimwambia mwanangu, magoti yananiwasha moto usiku, nitafutie dawa ya kuchua. Dawa sijaiona. Kumbe magoti yangu yameshaajiriwa kazi nyingine." Akamgeukia mwanawe. "Mwanangu, mimi ni mgeni wa mke wako humu. Ananipikia, ananiogesha siku mbaya. Wewe unanifanya kisingizio mpaka nionekane mchawi wa nyumba?"

"Mama, sikusema hivyo."

"Ulisema halali. Aliyesema halali nani?"

Nikaliweka gitaa chini, nikamsimamia mbele.

"Sema ni wewe," nikamwambia.

"Si suala la nani."

"Ni suala la nani. Wiki nzima nagombana na watu ambao hawajanikosea. Nilikuwa naanza kumchukia mama yako kimoyomoyo. Ningekaa namchukia mpaka azikwe, kwa magoti yake. Asiyetaka ni wewe. Sema."

Akaanza kunyoosha utepe mmoja uliokuwa umebanduka.

"Au ni kwa sababu ya bosi wake?" Chiriku akauliza.

"Chiriku, nenda chumbani."

"Kaa," nikasema. "Bosi gani?"

"Bosi wake wa kazini. Nilikutana naye duka la vitabu, akanisimamisha akanipa mkono. Akasema, hongera, binti, nimesikia unapiga gitaa kwa fujo kweli, baba yako alinieleza siku ile nilipoleta makaratasi."

"Na wewe ulisemaje?"

"Nilisema asante."

"Ulisema asante?"

"Mama, mtu mzima anakusifu dukani, umkatalie?"

Nesi alijiziba mdomo kwa kola ya koti. Mimi sikucheka. Siku ile ya makaratasi naikumbuka. Nilikuwa chumbani napiga, ile amplifaya ya zamani ingali hai, na nilisikia mgeni ameishia mlangoni. Nilijiuliza kwa nini hakukaribishwa ndani hata maji.

"Ulimwambia ni mtoto?"

"Ningesemaje?" Hatimaye alipandisha sauti. "Mkuu wangu yuko mlangoni, ndani kunanguruma kama gereji, ananiuliza, nani huyo? Nimwambie ni mke wangu?"

"Ndiyo. Ni mke wangu. Maneno matatu, na hata tafsiri hayahitaji."

"Ungekuwa wewe..."

"Mimi kazini wanajua mume wangu ni mkaguzi. Siku ulipomfungia duka shemeji wa daktari wetu, wiki nzima walininunia. Nilisema simjui? Nilisema ni jirani?"

Ningeweza kuishia hapo, nikachukua Kubwa yangu kwa ushindi, na kila mtu chumbani angenipigia kura. Lakini mimi nilitaka zaidi ya kura. Mtu ameninyima sauti ndani ya nyumba yangu kwa kutumia jina la haki, na amebandika utepe. Nilitaka nimshinde kwa kipimo, kwa kazi yake mwenyewe.

"Sasa tupime," nikasema. "Tupime kweli. Mkaguzi, nikuulize. Ukikuta mizani mbili sokoni, zote sindano iko kwenye tano, utasema zina mzigo sawa?"

"Siwezi kusema bila kuweka jiwe."

"Na mtu anayelinganisha kwa kusoma sindano tu, utamfanyaje?"

Akautazama utepe wake.

"Utamfungia," nikasema. "Leo umekaa kama mwizi wa kilo."

"Hilo limempata," mama mkwe akasema, na akainuka kwa kujishika kiti. "Mimi nitakuwa jiwe. Niambieni nikae wapi."

Nikamweleza. Kazini, rangi ya jino huilinganishi chini ya taa kali ya maabara. Unamsimamisha mtu dirishani, kwenye mwanga ule atakaochekea watu, ndipo unamwekea vijino vya mfano. Jino linaloshinda chini ya taa linaweza kuonekana kama chokaa barabarani. Amplifaya nayo uisikilize mahali itakapoishi na kwa sauti itakayoishi nayo. Dukani tulisikiliza ukumbi. Hapa sebuleni leo tulisikiliza namba.

Nikabandua utepe wote, nikautupa. Mama mkwe akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Nesi akasema usingizi wenyewe umeshakimbia, afadhali akae aone mwisho, akajivutia kiti, akakiinua badala ya kukiburuta, huku anamtazama mume wangu. Nikateremsha sauti ya Kubwa mpaka nikaweza kuzungumza na nesi bila kupaza. Kisha nikapiga kwenye Kadogo, nikipandisha kidogokidogo.

"Bado," mama mkwe akasema nyuma ya mlango. "Bado. Hapo. Hapo ziko sawa. Zinanifikia kama redio ya jirani mwema."

Ndipo nikazishughulikia rangi za sauti zao, kila moja kwa haki yake, mkwaruzo, besi, ile sauti nyembamba ya juu, mpaka kila moja ikatoa kilicho bora kuliko vyote kwa kiwango kile. Nikampa Chiriku waya. "Nitageuka ukutani. Wewe chomeka unayotaka, usiseme kitu, wala usicheke."

"Usicheke ni ngumu."

"Jitahidi."

Nikageuka. Nikapiga. Mlio wa kwanza ulikuwa mwembamba, wa kukuna, kama mtu anayefagia changarawe. Nyuzi nene hazikuwa na kifua. Akabadilisha. Wa pili ulitoka umejaa, na yale makali ninayoyataka, na nilipobana kwa kiganja ulifunga kama mlango mzuri unavyofunga.

"Hiyo," nikasema.

"Una uhakika?"

"Badilisha tena, mara unazotaka."

Akabadilisha, akanidanganya kwa kuchomeka ileile mara mbili, akabadilisha tena. Kila mara nilichagua ileile.

"Mama," akasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisema polepole. "Ni Kadogo."

Nikageuka. Waya ulikuwa kwenye Kadogo. Ile Kubwa, malkia wangu wa dukani, ilikuwa imekaa na nobu yake ya sauti karibu na sifuri, kama lori lililoegeshwa kwenye ua wa nyumba, haliwezi hata kukata kona. Valvu zake zinataka ziamke ndipo ziimbe, na kuziamsha ni mpaka vikombe viruke. Sebuleni kwangu haitaamka siku yoyote.

Ningeweza kusema uongo. Masikio ni yangu, ningesema yalikosea kuchagua, na hakuna ambaye angenipinga. Lakini meno ya uongo natengeneza kazini, yanatosha. Nilikasirika upya, safari hii kwa sababu mume wangu alikuwa sahihi, na alikuwa sahihi bila kustahili.

"Kadogo ni bora," nikasema. "Kwa hapa."

Mume wangu akaanza kutabasamu. "Si nilisema?"

"Hukusema. Ulisema Mama halali."

Tabasamu likarudi lilikotoka.

"Kadogo kinabaki," nikaendelea. "Kubwa inarudi, na utaibeba wewe. Hedifoni nampa Chiriku. Mimi napiga hapa, kwa spika, kwa kiwango hiki tulichopima."

"Hapa sebuleni?"

"Hapa. Chumbani nilipiga, ukanigeuza mtoto."

"Na mgeni akija?"

"Mgeni akija atauliza ni nani, na utamjibu."

Nesi akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mimi nina ombi. Siku nikitoka zamu, nipe mpaka saa nane mchana."

"Umepata."

"Baada ya hapo hata uvunje ukuta."

"Umeona?" nikamwambia mume wangu. "Mwenye usingizi wake anauomba mwenyewe, kwa mdomo wake, na anapewa. Na wewe omba."

Mama mkwe alikuwa amefungua mlango, amesimama kizingitini ameshika fremu. Hakuna aliyemsaidia Mkaguzi. Alitazama Kadogo, akamtazama mama yake, akakaa kwenye mkono wa kochi, kitu ambacho Chiriku akikifanya anamgombeza.

"Ni mimi," akasema. "Siupendi. Huo muziki siupendi, na akiwepo mgeni naona aibu."

"Tangu lini?"

"Tangu chuoni."

"Ulikuwa unakuja kila Ijumaa. Unakaa mbele."

"Nilikuwa nakuja kukuona wewe. Nilikuwa naweka pamba masikioni."

Chiriku akafungua mdomo. Nikamtazama. Akaufunga.

Sikutegemea kama hilo lingeniuma, lakini liliniuma, kuliko viti na magoti na bosi vyote kwa pamoja. Miaka yote hiyo ninapanga nyimbo, namtazama pale mbele anatikisa kichwa, kumbe anatikisa kichwa na pamba. Nilitaka kumtupia kitu. Kilichokuwa karibu ni gitaa, na gitaa silitupi.

"Hilo ungeniambia Ijumaa ya kwanza," nikasema.

"Ungekubali nikuoe?"

"Ningekujua. Kuoana tungejadili."

Mama mkwe akacheka kidogo puani, akarudi kwenye kiti chake, Chiriku akamtambaalia chini ya meza kumtolea kibonge cha uzi.

"Sasa sikiliza," nikamwambia mume wangu. "Kutopenda ni ruhusa. Hata mimi mpira wako siupendi. Ukiona napiga, nenda chumbani, nenda matembezini, nenda kapime mizani. Ukitaka nipunguze, njoo uniambie, punguza, mimi sitaki. Naweza kupunguza, naweza kukataa, tutagombana, tutamaliza. Lakini usinitafutie tena watu wa kunichukia kwa niaba yako."

"Sawa."

"Siyo sawa bado. Nimekasirika."

"Naona."

"Na nitakasirika mpaka kesho, pengine na keshokutwa. Usinilambishe asali."

Akatikisa kichwa kukubali. Akasimama, akaanza kuikunja mikono ya shati ili aibebe Kubwa, kisha akaona ngazi kwa macho ya mawazo, akaiacha. Akaenda chumbani. Mlango aliufunga bila kuubamiza.

Nesi alisema angekaa wimbo mmoja tu, basi. Mama mkwe akaniuliza kama huo muziki una maneno. Nikamwambia yapo, lakini sebuleni tutayaacha. Nikachukua gitaa, nikakagua sauti ya Kadogo iko palepale mama mkwe alipoiwekea kiwango, wala sikuiongeza hata unywele, ingawa mkono uliniwasha. Nikaanza. Mlio ukatoka, ukagonga ukuta wa mbele, ukanirudia kifuani, mdogo lakini wote. Nyuma ya mlango ule aliyekuwa hataki alikuwa anausikia wote vilevile, na mara hii alikuwa amekwenda huko kwa miguu yake na kwa jina lake. Nikabana nyuzi kwa kiganja na kuchapa, wimbo wa kwanza ukaisha, nesi hakuondoka, nikaunga wa pili, na nikaendelea mpaka hasira yangu ikapungua ikabaki ile ya kila siku.